Milima ya mawe ya chokaa yenye msitu: panga kwa maji na saa, kilomita weka pembeni

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, habari zenu.

Huu uzi nimeuweka kiporo muda mrefu. Kila mtu akiuliza kuhusu safari ngumu za milimani, majibu huja kwa kilomita na mita: njia ina urefu gani, kilele kiko juu kiasi gani. Kwa mlima wa kawaida wenye njia nzuri, hayo yanatosha kuanzia. Kwa mlima wa chokaa uliofunikwa na msitu, majibu hayohayo yatakulaza porini bila tone la maji. Nimetembea milima ya aina hii kwa miaka kadhaa na nimekosea zaidi ya mara moja, kwa hiyo naandika nikiwa na uchungu kidogo. Nia yangu ni asirudie mtu mwingine makosa yangu.

Nianze na mwamba wenyewe, maana ukiuelewa mwamba nusu ya mpango umeshaupata. Mvua inaponyesha, maji hubeba kaboni dayoksaidi ya hewani, kisha huokota nyingine nyingi zaidi kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza. Yanageuka tindikali dhaifu, na tindikali hiyo inayeyusha chokaa. Ufa unakuwa mwanya, mwanya unakuwa shimo, shimo linaungana na pango, na baada ya maelfu kwa maelfu ya miaka mlima mzima umetoboka kama sifongo. Ardhi ya namna hii inaitwa karsti, jina lililotoka kwenye uwanda wa Kras, mpakani mwa Slovenia na Italia. Ona sasa: msitu ndio unaotia maji ukali. Penye miti minene na udongo mwingi, chini yake kazi ya kutoboa inaendelea usiku na mchana.

Kwa msafiri hilo lina maana mbili. Juu hakuna maji, na chini ya miguu hakuna ardhi ya kuaminika.

MAJI

Chukueni mfano wa Velebit, safu ya milima kando ya bahari ya Adria huko Kroatia. Mvua na theluji ni nyingi, lakini ukiwa juu unaweza kutembea siku nzima usikutane na kijito. Maji yote yamezama. Kuna shimo moja kule, Lukina jama, lenye kina cha mita 1,431. Hebu fikiria njia ambayo tone la mvua linashuka. Baadhi ya maji hayo hutokea chini kabisa pwani, mengine yanabubujika ndani ya bahari yenyewe. Vibanda vya wapanda milima kule juu hutegemea matangi yanayovuna mvua kutoka kwenye paa.

Sasa yaliyonikuta mimi. Ramani yetu ilikuwa na alama ya bluu, chemchemi, katikati ya siku ya kwanza. Tulikuwa wanne, kila mmoja na lita 2, tukijua tutajaza pale. Tulifika saa 8 mchana. Tukakuta jiwe lenye mchirizi mweupe mkavu pale maji yalipokuwa yakipita, na chini yake tope la upana wa sahani, nyuki wamejipanga pembeni wakinywa. Mwenzetu mmoja akapiga magoti akaanza kuchota kwa kifuniko cha chupa. Kila akichota, tope linapanda, anasubiri litulie, anachota tena. Robo saa nzima alipata vifuniko vitano. Watu wanne tulikuwa tumebakiwa na lita moja na nusu, na sehemu nyingine ya maji ilikuwa mbele kwa mwendo wa saa tano. Tuligeuza. Tulifika chini usiku, mmoja misuli ya mapaja inamkaza kila hatua ishirini, hawezi hata kumeza mate. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu, lakini tangu siku ile alama ya bluu kwenye ramani ya karsti naihesabu kuwa kavu mpaka nipate mtu aliyeiona na maji ndani ya wiki mbili zilizopita.

Hesabu yangu: nusu lita kwa kila saa ya mwendo wa kawaida, na jua likiwa kali au mpando ukiwa mrefu inakaribia lita nzima. Siku ya saa 8 ni lita 4 hadi 6, na bado hujapika wala hujalala. Kila lita ni kilo moja mgongoni. Ndiyo maana mimi naanza kupanga safari kwa kuweka alama sehemu zote za maji ya uhakika, halafu njia inafuata maji. Kilele kinakuja baadaye. Kama kati ya maji na maji pana saa nyingi kuliko lita ninazoweza kubeba, safari hiyo siendi hivyo ilivyo. Naibadilisha, au napanda siku kadhaa kabla nikaficha maji njiani.

SAA

Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni inayotumika hadi leo: kwa vipimo vya sasa, saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni nzuri kwa ardhi nzuri. Sasa ipeleke Gunung Mulu, hifadhi ya Sarawak, Malaysia. Kuna njia ya kwenda kuangalia miiba ya chokaa inayochomoza juu ya msitu, mingine mita 45 kwenda juu. Njia ina kilomita 2.4 tu, unapanda zaidi ya mita 1,000, na mwisho wake ni ngazi na kamba. Kwa Naismith utapanda kwa saa 2 hadi 2 na nusu. Watu wenye afya hupanda kwa saa 3 hadi 4. Na kushuka? Kanuni inasema kilomita 2.4 ni nusu saa. Ukweli ni saa 4 hadi 5. Soma tena hapo: kushuka kunachukua muda mrefu kuliko kupanda. Mawe makali, mizizi yenye utelezi, miguu imechoka, na mara nyingi unashuka ukiwa umegeukia mwamba kama mtu wa ngazini.

Mahali pasipo na njia kabisa, mimi nahesabu kilomita 1 kwa saa, na kuna siku hiyo nayo naikosa. Sababu kubwa ni mashimo ya kudidimia, yaani mabonde madogo pale ardhi ilipozama juu ya mwamba uliotoboka. Yanakaa kwenye uwanda wa juu kama vishimo vya bao, kimoja kando ya kingine. Unazunguka ukingo wa hili, unajikuta kwenye ukingo wa lile. Ukiamua kukata katikati, unashuka mita 15 na kupanda mita 15, na ramani yenye kontua (mistari ya mwinuko) za kila mita 20 huenda isikuonyeshe chochote. Mara kumi za hivyo ni mita 150 za kupanda ambazo hukuzipanga.

Halafu nyayo. Mawe yamevaa zulia la kijani la mimea midogo, majani makavu yameziba nyufa, huoni ni jiwe au ni mdomo wa shimo. Napapasa kwa fimbo kabla ya kuweka uzito. Fimbo yenyewe ina hila yake: ikizama kwenye mwanya nawe unasonga mbele, inavunjika, au inakuangusha. Usipitishe mkono kwenye ule mkanda wake sehemu za nyufa.

Kwa hiyo saa ya kugeuka iandikwe kwenye karatasi kabla ya kuondoka. Ikifika, mnageuka hata kama kilele mnakiona. Najua inavyouma. Nimegeuka nikiwa nimebakiza kama nusu saa, na njia nzima ya kurudi sikusema na mtu. Giza lilitukuta tukiwa tayari kwenye njia pana.

BARIDI NA MVUA

Msipige hema chini ya shimo la kudidimia, hata kama pana nyasi laini na hakuna upepo. Hewa baridi ni nzito, usiku inateremka na kutuama mle. Kuna shimo moja Austria, Gstettneralm, lililopimwa mwaka 1932 likafika nyuzi 52.6 chini ya sifuri, na wala haliko juu ya kilele cha kutisha. Mimi niliwahi kulala kwenye shimo dogo tu. Asubuhi maji ya chupa yalikuwa na ganda la barafu. Nilipanda ukingoni, kama mita 30, nikakuta umande wa kawaida kwenye majani.

Mvua ndiyo ya kuogopa zaidi. Maji yakizama hayapotei, yanasafiri chini na kutokea ghafla mahali ambapo huenda hata mvua haijanyesha. Wote tunakumbuka pango la Tham Luang, Thailand, chini ya mlima wa chokaa wenye msitu: tarehe 23 Juni 2018 vijana 12 na kocha wao waliingia, maji yakaziba njia nyuma yao, na wa mwisho alitolewa tarehe 10 Julai. Mpiga mbizi mmoja alifariki kwenye kazi ile ya uokoaji. Kama njia yenu inapita korongoni au mdomoni mwa pango na utabiri una mvua, ahirisheni.

Vifaa nitavipitia haraka. Viatu vya soli ngumu. Glovu za ngozi, maana chokaa inakata kama wembe. Kofia ngumu kwenye kuta na ngazi, taa ya kichwani kila mtu na betri za akiba, suruali ndefu kwa ajili ya kupe. Mkono usiingie kwenye mwanya usioona ndani. Nyoka hupenda mawe yaliyoshika joto.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

#2 Mdau

Mkuu asante kwa madini haya. Swali dogo: nimekuwa nikiamini maji yanayotoka kwenye mwamba wa chokaa ni salama kwa sababu yamechujwa na mlima mzima. Nikikuta chemchemi yenye maji meupe ya kung'aa, ya nini kubeba jiko la kuchemshia?

#3 Mwanzisha uzi

Mkuu, nafurahi umeuliza, maana imani hiyo ni ya wengi na ina hatari. Maji yanayopita taratibu kwenye mchanga huchujwa. Kwenye karsti maji yanapita kwenye mabomba: nyufa na mapango. Watafiti humwaga rangi kwenye shimo juu ya mlima, kisha wanakaa kwenye chemchemi kilomita kadhaa huko chini wakisubiri. Rangi inaweza kutokea baada ya siku chache, pengine saa chache. Sasa weka mzoga wa mnyama aliyetumbukia kwenye shimo lilelile mahali pa rangi. Maji yatang'aa vilevile.

Chemsha mpaka yatokote kwa dakika 1 kamili, na ukiwa juu ya mita 2,000 iwe dakika 3, kwa kuwa kule yanatokota kwa joto dogo zaidi. Chemchemi iliyobadilika rangi baada ya mvua iache kabisa ukiweza. Kama huwezi, tuliza kwanza, chuja kwa kitambaa, ndipo uchemshe. Chujio lako likipitishwa tope moja kwa moja litaziba siku ya kwanza.

#4 Mdau mwingine

Naongeza upande wa ramani, nimefanya kazi za upimaji porini.

Simu zenu msiziamini sana huko. Miti minene inadhoofisha mawimbi ya setilaiti, na kuta za miamba zinayadundisha, simu inapokea yaliyozunguka na kukuweka mahali usipo. Nimewahi kusimama ukingoni mwa shimo refu la wima, simu inasema niko upande wa pili wake. Hebu fikiria ni usiku na mtu anafuata mshale wa kwenye kioo.

Dira, tofauti na simu, ni rafiki mzuri kwenye chokaa. Kuna miamba ya volkano yenye chuma inayoyumbisha sindano, lakini chokaa safi haiigusi. Kwa hiyo njia yangu ni hii: ukitafuta kitu kidogo, mfano kibanda kilichoko kwenye njia, usikilenge moja kwa moja. Lenga makusudi mita 200 kushoto kwake. Ukigonga njia unajua kwa hakika unapinda kulia. Ukikilenga chenyewe ukakikosa, hujui kama umepita kulia au kushoto.

Na mtafute ramani za laida kama nchi husika inazitoa. Ndege hupiga miale ya leza, michache hupenya kati ya majani, kompyuta inaiondoa miti na kubakiza ardhi tupu. Nilipofungua kwa mara ya kwanza ya eneo nililodhani nalijua, nilinyamaza. Pale ambapo ramani ya karatasi ilionyesha uwanda mtulivu, palikuwa na mashimo yamebanana kama uso wenye ndui.

Ila mwanzisha uzi, nakupinga kwenye kuficha maji. Chupa za plastiki panya wa porini wanazitoboa, nimekuta mbili tupu siku nilipozihitaji.

#5 Mwanzisha uzi

Mkuu, hilo la kulenga pembeni limenifaa sana, sikulijua. Na kuhusu maji umesema kweli. Chupa niliyoificha haifai kuwa ndiyo tegemeo pekee. Kuanzia sasa nasema hivi: ficha kwenye chombo kigumu, kitundikwe juu, na bado ubebe maji ya kukutosha kugeuza hadi sehemu ya uhakika endapo utakuta tupu. Na vyombo urudi navyo nyumbani.

#6 Mdau (dada)

Habari kaka. Sisi ni kundi dogo la wanawake, tuna uzoefu wa milima ya kawaida. Mnasema watu wangapi ndiyo salama? Na mtu akivunjika kifundo cha mguu katikati ya mashimo hayo, tunafanyaje hasa?

#7 Mwanzisha uzi

Dada yangu, karibu. Mimi siendi chini ya wanne. Mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, wawili wanakwenda kuita msaada pamoja. Asitumwe mtu peke yake kwenye ardhi ile akiwa na haraka na hofu, maana huyo ndiye majeruhi wa pili.

Kabla hawajaondoka waandike kwenye karatasi mahali mlipo, aina ya jeraha, saa lilipotokea, na mna maji kiasi gani. Atakayebaki amwekee mgonjwa kitu cha kumtenga na mwamba, mkeka au hata mifuko iliyokunjuliwa. Mwamba unanyonya joto la mwili kuliko hewa. Filimbi: mlio mara 6 ndani ya dakika moja, pumzika dakika moja, rudia. Jibu likija litakuwa mara 3 kwa dakika. Mtandike kitu cha rangi kali kwenye uwazi wowote ulio karibu, kwa sababu helikopta haioni chini ya miti.

Na hili nakusihi kabisa: mtu aliyebaki nyumbani awe na njia yenu kwa maandishi, na saa kamili ambayo asipopata simu yenu anapiga ya uokoaji. Asiambiwe "tutarudi jioni". Aambiwe saa.

#8 Mdau

Wakuu, mimi nina safari ya siku mbili, kilomita 18. Kilomita 6 za kwanza zina njia, zinapanda mita 1,000, na mwisho wake pana kibanda chenye tangi la mvua. Halafu kilomita 5 za uwanda wa mashimo bila njia, napanda kama mita 400 humo. Kisha kilomita 7 za kushuka kwenye njia. Nilipanga kuvuka yote hadi nilale kwenye kushuka, siku ya kwanza. Mnaonaje?

#9 Mwanzisha uzi

Mkuu, naomba ubadilishe. Tupige hesabu pamoja.

Kipande cha kwanza kwa Naismith ni karibu saa 3. Ukiwa na mzigo, ongeza nusu yake: saa 4 na nusu. Ukianza saa 1 asubuhi unafika kwenye tangi karibu saa 6 mchana. Kilomita 5 za mashimo ni saa 5 au zaidi, na hapo umechoka tayari. Kosa dogo tu, giza litakukuta katikati. Lala kibandani.

Maji ya siku ya kwanza: panda na lita 5, ukijifanya tangi halipo. Ukilikuta kavu unakuwa na ya kulalia na kushukia asubuhi. Ukilikuta limejaa, umebeba kilo za bure, na utafurahi.

Siku ya pili ondoka saa 12 asubuhi na lita 6 zilizochemshwa. Kipande kibaya saa 5, kushuka saa 3, kupumzika saa 1, jumla 9: unafika chini saa 9 alasiri na mwanga bado mwingi. Saa ya kugeuka: kama saa 4 asubuhi hujafika nusu ya kilomita zile 5, rudi. Umetumia saa 4 kuingia, utatumia 4 kutoka, saa 8 mchana uko kwenye tangi.

Piga simu kwa wasimamizi wa eneo wiki unayokwenda, waulize tangi lina maji na kama kuna mtu amevuka karibuni. Ukirudi, tuletee hapa saa ulizotumia kila kipande, nitalinganisha na makadirio yangu.